Na, Au, Si

Wilaya ya Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, kwa hiyo kwetu Mabawe neno "mkimbizi" halikuletwa na magazeti. Ila ni wachache waliopata kujiuliza sheria imeliundaje.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unamwita mkimbizi mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mwaka 1969, uliongeza "au": au aliyekimbia machafuko makubwa. Na mikataba yote miwili imeweka "na si": na si yule ambaye kuna sababu nzito za kuamini kwamba ametenda jinai dhidi ya binadamu.

Wataalamu wa mantiki huipima kauli ya namna hiyo kwa jedwali la ukweli, ambalo Ludwig Wittgenstein na Emil Post walilichapisha, kila mmoja kwa njia yake, mwaka 1921. Chora safuwima tatu: hofu, machafuko, jinai. Kila moja yaweza kuwa kweli au si kweli, basi mistari huwa minane. Penye "au", moja ikiwa kweli yatosha. Penye "na", moja isipokuwa kweli kauli nzima huanguka. "Si" hupindua. Ukimaliza utaona mistari mitatu tu kati ya minane inampa mtu jina la mkimbizi. Jinai ikiwa kweli, hofu na machafuko havimsaidii tena.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu kati ya 170,000 na 250,000 (hesabu zinatofautiana) walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Nani angekaa na karatasi pale? Walipokewa kwa mkupuo, na mimi naona ilikuwa haki. Mtoto mwenye njaa hangoji jedwali. Taabu ilikuja kambi ya Benaco ilipokwisha simama, na viongozi wa zamani wakawa bado na sauti juu ya watu wao. Mwezi Juni ilipojaribiwa kumwondoa Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa mkuu wa komuni ya Murambi, maelfu ya watu walizusha ghasia. Mstari wake ulisomwa baadaye sana: mwaka 2011 mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari.

Desemba 1996 Serikali yetu, pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilitamka kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao ifikapo tarehe 31. Wengi walikimbilia ndani zaidi ya nchi. Askari wakawageuza kuelekea Rusumo. Karibu nusu milioni walirudi. Safari ya kwanza nafasi ya kumwuliza kila mtu haikuwapo. Safari hii ilikuwa imepita miaka miwili na nusu, na mjane mwenye hofu ya kweli alitembea barabara ileile, siku ileile, na mtu aliyeshika panga.