Wasaidizi wa maktaba Kenya na Uganda warejea darasani kusomea ukutubi wa jamii

Mtu anayefungua mlango wa maktaba ya umma asubuhi katika mji mdogo wa Kenya au Uganda, akapanga magazeti, akagonga muhuri wa tarehe ya kurudisha kitabu na kuwanyamazisha wanafunzi wanaocheka pembeni, mara nyingi si mkutubi. Watumiaji humwita hivyo, lakini katika nyaraka za ajira yeye ni msaidizi wa maktaba. Ana cheti au stashahada, na pengine aliingia kazini bila chochote kati ya hivyo viwili. Cheo cha mkutubi, pamoja na sauti ya kuamua ni vitabu gani vinunuliwe na fedha kidogo zilizopo zitumikeje, kwa kawaida kimewekewa mwenye shahada.

Pengo hilo ndilo linalowarudisha baadhi ya wasaidizi hao darasani wakiwa watu wazima wenye kazi na familia. Wengine wanatafuta mshahara na cheo, jambo ambalo halihitaji kuombewa radhi. Lakini wapo pia wanaotaka kile kinachoitwa ukutubi wa jamii: kazi inayoanzia kwenye mahitaji ya watu wanaoizunguka maktaba, kisha ndipo irudi kwenye rafu. Kwa miaka mingi wamewaona watu wakiingia, wakitazama, na kuondoka bila walichokitaka, na hawakuwa na mamlaka ya kubadili lolote.

Shule moja kwa nchi tatu

Historia ya elimu hii katika Afrika Mashariki ni ya pamoja. Mwaka 1960 Sydney Hockey, mkutubi wa Uingereza, aliziandikia serikali za eneo hili ripoti kuhusu namna ya kujenga huduma za maktaba za umma. Sheria zikafuata moja baada ya nyingine: Tanganyika mwaka 1963, Uganda 1964 na Kenya 1965. Maktaba zilihitaji watu wa kuziendesha, na hadi wakati huo aliyetaka elimu kamili ya ukutubi alilazimika kusafiri ng'ambo. Ndipo ikaanzishwa Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki huko Makerere, Kampala, mwaka 1963, kwa msaada wa UNESCO, ili ihudumie nchi zote kwa pamoja.

Vizazi vya mwanzo vya wakutubi wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala vilipitia hapo. Baadaye kila nchi ilijijengea njia yake. Chuo Kikuu cha Moi nchini Kenya kilianzisha kitivo cha sayansi za habari mwaka 1988, na mwaka uliofuata Tanzania ikafungua chuo cha ukutubi na uhifadhi nyaraka Bagamoyo. Makerere nayo ikaingiza masomo ya shahada ya kwanza. Leo shule hiyo imo ndani ya chuo cha kompyuta na sayansi za habari, jambo linaloonyesha taaluma yenyewe imeelekea wapi: kutoka kadi za katalogi kwenda kwenye hifadhidata.

Mwelekeo huo una faida zake, ila una hasara moja isiyosemwa mara kwa mara. Mhitimu anayejua hifadhidata anatakiwa na vyuo vikuu, benki, mashirika ya kimataifa na idara za kumbukumbu. Maktaba ya mji mdogo haina uwezo wa kushindana na waajiri hao. Ndiyo maana msaidizi ambaye tayari anafanya kazi humo, mwenye nyumba na jamaa katika mji huohuo, ana thamani ya pekee anapoamua kusoma, kwa kuwa sababu za kubaki anazo hata kabla ya kuhitimu.

Kazi iliyo nje ya rafu

Mfano unaojulikana zaidi wa maktaba iliyowafuata watu ni ule wa ngamia wa kaskazini mashariki mwa Kenya. Ulianza mwaka 1996 Garissa, chini ya shirika la maktaba za taifa la Kenya, KNLS, na baadaye ukaenea hadi Wajir. Ngamia mmoja hubeba masanduku mawili yenye vitabu vipatavyo 200 kila moja, na mwingine hubeba hema. Wafugaji huhama kufuata malisho na maji, kwa hiyo jengo lisilosogea lingewasubiri bure.

Picha za ngamia hao zimezunguka dunia, lakini yaliyomo masandukuni yanastahili kuangaliwa zaidi kuliko ngamia wenyewe. Vitabu vingi ni vya Kiingereza na Kiswahili, huku lugha ya nyumbani ya wasomaji ikiwa Kisomali. Msaidizi anayesafiri na msafara hulijua hilo siku ya kwanza. Kulipeleka kwenye bajeti, akalieleza kwa takwimu za uazimaji na kupendekeza mahali pa kupata vitabu vya Kisomali, ni kazi nyingine, na ndiyo inayofundishwa chuoni.

Uganda ina mfano wa aina tofauti. Karibu na Masaka, maktaba ya jamii ya Kitengesa ilianza mwaka 1999 kama sanduku la vitabu katika shule ya sekondari, kabla ya kupata jengo lake. Wanafunzi wamekuwa wakifanya kazi humo na kusaidiwa karo, hivyo kijana anajifunza kuhudumia wasomaji akiwa bado yeye mwenyewe ni msomaji. Mwaka 2007 maktaba za namna hiyo ziliunda chama chao cha kitaifa. Nyingi haziendeshwi na serikali, na mtunzaji wake huenda akawa mwalimu, mkulima au mama aliyepewa ufunguo kwa sababu anaaminika. Kwa watu kama hao, kozi fupi ya wiki moja husaidia kupanga vitabu. Haimfundishi mtu kuandika ombi la fedha wala kupima kama wanawake wa kijiji wanafika au hawafiki.

Kuna pia maktaba zilizo katikati ya mtaa ambazo bado hazijaufikia mtaa. Yeyote aliyeingia katika maktaba ya umma ya Kenya karibu na msimu wa mitihani ameona hali yake: kila kiti kimekaliwa na mwanafunzi aliyekuja na vitabu vyake mwenyewe, anayetafuta meza, mwanga na utulivu ambavyo nyumbani havipo. Hitaji hilo ni la kweli kabisa. Hata hivyo, mchuuzi anayetaka kujua masharti ya leseni, au mzee anayetaka gazeti, hana pa kukaa. Mkutubi wa jamii hawezi kuwafukuza wanafunzi. Anachoweza ni kugawa saa, kutumia ukumbi wa jirani, au kuhamishia baadhi ya huduma nje ya jengo. Tawi la Kibera jijini Nairobi lilileta kompyuta za mkononi kwa ajili ya watoto wa mtaa huo, kwa kuwa kifaa kimoja kingeweza kubeba vitabu vingi kuliko meza.

Yanayofundishwa

Masomo ya shahada ya ukutubi katika vyuo vya eneo hili yana shina linalofanana: uainishaji na uorodheshaji, usimamizi, teknolojia ya habari, huduma kwa wasomaji, uhifadhi wa kumbukumbu, utafiti, pamoja na mafunzo kwa vitendo kazini. Msaidizi mwenye miaka kumi dawatini huona sehemu ya haya ni marudio. Namba za Dewey anazijua kwa moyo.

Asichokuwa amekifikiria ni kwamba namba hizo nazo zina msimamo. Katika mpangilio wa Dewey, dini imepewa namba kuanzia 200 hadi 299. Ukristo umetandazwa kuanzia 220, penye Biblia, hadi 280 na ushei, na Uislamu wote umekusanywa kwenye 297. Mfumo huo ulibuniwa Marekani mwaka 1876, na haukuwa na Garissa wala Mombasa akilini. Katika mji ambao wakazi wake wengi ni Waislamu, vitabu vya sheria, tafsiri ya Kurani, historia na adabu hubanwa chini ya namba moja yenye nukta na tarakimu ndefu mgongoni mwa kitabu. Kiswahili nacho, chenye wasemaji mamilioni, kiko kwenye 496.392, mbali na mahali Kiingereza kilipoketi kwa raha kwenye 420. Msaidizi hufuata kanuni kwa sababu ndivyo alivyoelekezwa. Aliyesoma anaweza kuijua kanuni, akajua pia inaporuhusu kurekebishwa, kisha akaweka alama na maelezo ambayo msomaji wa kawaida ataelewa bila kuuliza.

Eneo jingine linalodai elimu zaidi ni faragha. Huduma nyingi za serikali ya Kenya sasa zinaombwa kupitia tovuti ya eCitizen, na asiye na kompyuta au asiyeielewa humwendea yule wa maktaba. Ndani ya dakika tano msaidizi ameshaona namba ya kitambulisho cha mtu, tarehe yake ya kuzaliwa, namba ya simu, na wakati mwingine, kwa haraka ya mteja mwenyewe, hata namba ya siri ya M-Pesa. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019. Nia njema haitoshi hapa. Inahitajika kanuni iliyoandikwa ukutani, skrini iliyogeuzwa, na mazoea ya kumwachia mteja abonyeze mwenyewe hata kama foleni ni ndefu.

Mlango wa chuo

Nchini Kenya, anayeingia shahada moja kwa moja kutoka sekondari anahitaji wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne. Wasaidizi wengi hawakuupata, na hiyo ni sababu mojawapo ya wao kuwa wasaidizi. Njia yao ni ya ngazi: cheti, kisha stashahada, kisha shahada. Ni ndefu, na kila ngazi ina karo yake. Sheria ya mwaka 2014 iliyounda mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu ilifungua nafasi ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini, wazo linalowafaa sana watu wa aina hii ikiwa vyuo vitalitekeleza kwa moyo.

Uganda ina mlango mwingine wa zamani. Makerere huwaruhusu watu wenye umri wa miaka 25 na zaidi kufanya mtihani maalumu wa kujiunga, bila kutegemea alama walizopata wakiwa vijana. Aliyeacha shule kwa kukosa karo anaweza kupimwa kwa anachokijua sasa.

Gharama isiyoandikwa katika barua ya chuo ni muda. Maktaba ndogo huwa na wafanyakazi wawili au watatu. Mmoja akiwa katika mtihani, aliyebaki huhudumia dawati, simu na watoto wa chekechea kwa pamoja, na msimu wa mitihani ya chuo mara nyingine hugongana na ule ambao maktaba imejaa zaidi. Kwa hiyo, ruhusa ya masomo ni makubaliano baina ya wenzake kabla haijawa barua ya mkuu wa idara. Faida mojawapo ya mwanafunzi aliye kazini ni utafiti wa mwisho: anaweza kuuliza maswali ambayo maktaba yake iliyahitaji tangu zamani, kama vile nani haji, na kwa nini.

Baada ya joho

Shahada haimpandishi mtumishi wa umma cheo yenyewe. Lazima pawepo nafasi katika ikama na fedha za kuijaza, na hapo ndipo siasa za ugatuzi zinapoingia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Anayesoma Jedwali la Nne atazikuta katika kifungu kimoja na kamari, mbio za farasi na leseni za vileo, na baada ya hivyo vyote. Mpangilio wa orodha si kipimo cha umuhimu, lakini bajeti za kaunti nyingi hazijamfanya mtu adhani vinginevyo. Nchini Uganda maktaba za umma zilikabidhiwa kwa serikali za mitaa chini ya sheria ya mwaka 1997, na Maktaba ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ikabaki na jukumu la kuongoza na kushauri zaidi kuliko kuajiri.

Matokeo yake ni kwamba wasaidizi wawili waliohitimu mwaka mmoja, katika kaunti mbili zinazopakana, wanaweza kuwa na hatima tofauti kabisa. Mmoja anakabidhiwa tawi na fungu la kununulia vitabu. Mwingine anarudi kwenye dawati lilelile na mshahara uleule, na baada ya miezi michache anajibu tangazo la kazi ya chuo kikuu. Hapo mji unampoteza mtu aliyewajua wasomaji wake kwa majina, mara nyingi baada ya kuchangia kumsomesha.

Upande wa Tanzania, ngazi za astashahada na stashahada hutolewa katika chuo cha Bagamoyo, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Anayetaka shahada bila kuacha kazi anaweza kuisomea kwa masafa katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye vituo mikoani, mtindo ambao kwa msaidizi wa maktaba ya mkoa wa mbali unapunguza nauli na siku za kufunga dawati.