Bima ya nyumba: uliza kwanza jina la janga



Wahenga walituachia usemi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa Ngokolo usemi huo tunauona kwa macho. Udongo mweusi wa mbuga, ulioenea sehemu nyingi za Shinyanga, huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na ukipasuka huondoka na ukuta. Lakini wahenga hawakutuambia ukuta ukishaanguka utajengwa kwa fedha za nani. Swali hilo ndilo tulitazame wiki hii. Nalo halijibiki vizuri bila kurudi nyuma kidogo, kwa sababu kila aina ya bima unayouziwa leo ina historia yake, na historia hiyo ndiyo inayoeleza nini kitalipwa na nini hakitalipwa.

Bima ya jasho

Kabla ya shirika lolote la bima kufungua mlango katika nchi hii, Wasukuma walikuwa na bima yao. Haikuandikwa popote. Ilikaa katika nzengo, yaani umoja wa majirani wa eneo moja. Nyumba ya mtu ilipoungua au kubomoka, majirani walitoka kukata miti na nyasi, na vijana walikwenda chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Ada ya bima hiyo ilikuwa jasho. Aliyejitokeza siku ya mwenzake alikuwa na hakika ya kujengewa siku yake, na aliyekacha kazi za wenzake alijua kwamba zamu yake ikifika atabaki peke yake.

Utaratibu huo ulifanya kazi kwa sababu moja kubwa: vifaa vya ujenzi vilikuwa porini, bila bei. Mambo yakaanza kubadilika. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, na watu wakaanza kupokea mishahara. Katika miaka ya 1950 pamba ikaleta fedha Usukumani, na vyama vya ushirika vikaungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mkulima aliyeuza pamba vizuri alinunua baiskeli, na aliyezidi kidogo akanunua bati. Nyumba ikapanda hadhi, lakini wakati huo huo ikatoka mikononi mwa nzengo. Jirani anaweza kukupa siku mbili za jasho lake. Hawezi kukupa bati hamsini, saruji na nondo, hata kama anakupenda namna gani.

Moyo wa nzengo haukufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulizaa sungusungu katika maeneo ya Kahama na Nzega, majirani walipoungana dhidi ya wezi wa ng'ombe na majambazi. Lakini sungusungu hulinda tu. Hailipi kilichokwisha kuibwa. Pengo kati ya kulinda na kulipa ndilo bima ya kisasa inayodai kuliziba.

Moto wa London

Bima hiyo ya kisasa ilizaliwa mbali na hapa, na ilizaliwa na moto. Mwezi Septemba mwaka 1666 moto ulioanzia katika tanuri la mwoka mikate uliteketeza nyumba zipatazo 13,200 katika jiji la London. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao, zimebanana.

Kilichofuata kinafanana sana na mambo ya vyumba vyetu vya kupanga. Wapangaji wengi wa London walikuwa wametia sahihi mikataba ya kutunza na kukarabati nyumba za watu. Nyumba zikawa majivu, lakini mikataba haikuungua. Wenye nyumba wakadai kodi iendelee kulipwa na nyumba zijengwe upya, na waliodaiwa ni watu ambao wamekwisha kupoteza kila kitu. Ugomvi ulikuwa mkubwa hata Bunge la Uingereza likaunda mahakama maalumu, iliyoanza kazi mwaka 1667, kuamua nani abebe mzigo. Majaji waligawa mzigo huo kwa kutazama hali ya kila upande. Mpangaji aliyekuwa na uwezo wa kujenga, kwa mfano, aliweza kuongezewa miaka ya mkataba na kupunguziwa kodi.

Mahakama ilimaliza magomvi ya jana. Ya kesho yalihitaji dawa nyingine. Mjini Hamburg, Ujerumani, wenye nyumba walipata mfuko wao wa moto mwaka 1676. London, mnamo mwaka 1680 na 1681, mfanyabiashara wa majengo, Nicholas Barbon, alifungua ofisi ya bima ya moto. Nyumba ya matofali ilitozwa asilimia 2.5 ya kodi yake ya mwaka, na nyumba ya mbao asilimia 5, yaani mara mbili. Tangu siku hiyo anayeuza bima hutazama kwanza kuta na paa, kisha ndipo hutaja bei.

Zingatia jambo moja hapa. Bima ya nyumba ilianza ikiwa bima ya moto, kwa sababu moto ndio uliowaunguza watu wa London. Mafuriko, tufani, wizi na matetemeko vilikuja kuongezwa baadaye, kimoja kimoja, kila kimoja kwa jina lake na bei yake. Sura hiyo haijafutika. Mpaka leo, katika nchi zetu, bima ya msingi ya jengo ni bima ya moto na radi, pamoja na milipuko ya aina fulani. Mengine ni nyongeza. Usipoiomba na kuilipia, haimo.

Wenyeji wa San Francisco, Marekani, walilijua hilo kwa uchungu. Tarehe 18 Aprili 1906 jiji lao lilitikiswa na tetemeko, kisha moto ukawaka kwa siku kadhaa. Mikataba mingi ya bima ilitaja moto na haikutaja tetemeko. Ndipo ukaanza ubishi wa ajabu: nyumba ya fulani iliungua ikiwa bado imesimama, au ilikuwa imekwisha kuanguka moto ulipofika? Katika jibu la swali hilo mtu alilipwa au alikosa.

Mlango mmoja, kisha mingi

Kwetu Afrika Mashariki bima iliingia kwa njia ya biashara na bandari. Makampuni ya Uingereza yalikuwa na mawakala wao, na mengine yakazaliwa hapa hapa, kama Jubilee iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1937. Wateja walikuwa wenye maduka, maghala na vinu vya kuchambulia pamba. Nyumba ya mwananchi wa kawaida haikuwa katika hesabu zao.

Tanganyika huru iliunda Shirika la Bima la Taifa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, shirika hilo likawekwa chini ya umma na kupewa peke yake kazi ya bima Tanzania Bara. Kwa karibu miaka 30 aliyetaka bima alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 iliruhusu makampuni binafsi, na ile ya mwaka 2009 ikaweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kuyasimamia.

Milango ikawa mingi, lakini mazoea yalibaki yale yale. Kwa wengi wetu bima ni ya gari. Sheria inailazimisha na trafiki anaitazama, kwa hiyo mtu hununua iliyo rahisi kuliko zote ili apite barabarani. Hasomi kilichoandikwa ndani. Mazoea hayo tumeyahamishia kwenye nyumba, na hapo ndipo hatari ilipo, maana hakuna trafiki anayesimama mlangoni pa sebule yako. Makosa yako utayagundua siku ya msiba.

Mwakata na Kariakoo

Majanga yetu ni yapi? Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe na upepo mkali iliishukia Mwakata, wilayani Kahama, katika mkoa wetu huu huu. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba zao, pale kuta za matofali ya udongo zilipolowa na kuwaangukia. Septemba 10 mwaka uliofuata tetemeko liliupiga mkoa wa Kagera na kubomoa nyumba nyingi. Katika misiba yote miwili, hati ya bima iliyotaja moto na radi peke yake isingekuwa na la kusema.

Basi mwenye nyumba wa Ngokolo, Kahama au Geita anapokwenda kukata bima, asiulize kwanza bei. Aulize majina. Je, upepo mkali umo? Mvua ya mawe imo? Mafuriko na maji ya mvua je? Tetemeko je? Na ajue kwamba ule ufa unaokua polepole kwa sababu ya udongo wa mbuga au msingi mbovu, kwa kawaida haulipwi. Bima hulipa ajali. Uchakavu na ujenzi mbaya ni juu ya mwenye nyumba. Hapo usemi wa wahenga unabaki na nguvu zake zote: ziba ufa.

Mpangaji naye asikae pembeni. Tangu migodi mikubwa ya dhahabu ilipofunguliwa Geita na Bulyanhulu mwanzoni mwa miaka ya 2000, miji ya ukanda huu imejaa watu wanaoishi vyumba vya kupanga, na wengi wamelipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele. Wengi hudhani kwamba baba mwenye nyumba akiwa na bima, nao wamo. Hawamo. Bima ya mwenye nyumba hulipa kuta zake na paa lake. Kitanda, televisheni, friji, cherehani na mtaji uliofungwa chini ya godoro si mali yake, na hawezi kudai fidia ya kitu kisicho chake.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Jengo lilikuwa la Shirika la Masoko, bidhaa zilikuwa za wafanyabiashara waliopanga humo. Ni hasara mbili tofauti chini ya paa moja. Chumba chako cha kupanga kiko hivyo hivyo.

Kwa hiyo mpangaji anachohitaji ni bima ya vyombo vya ndani, dhidi ya moto na dhidi ya wizi wa kuvunja. Fedha taslimu aiulizie peke yake, kwani mara nyingi huachwa nje au hulipwa kwa kiasi kidogo sana. Aulize pia habari ya lawama. Moto ukianzia kwenye jiko lake au waya aliouunganisha mwenyewe, kampuni iliyomlipa mwenye nyumba yaweza kumgeukia yeye imdai. Ipo bima inayobeba dhima hiyo. Wapangaji wa London wa mwaka 1666 wangeitamani.

Kiwanja hakiungui

Limebaki suala la thamani, ambalo huwaliza hata waliosoma. Nyumba hukatiwa bima kwa gharama ya kuijenga upya. Bei ya kuiuza ni jambo jingine, kwa sababu ndani yake mna kiwanja, na kiwanja hakiungui. Lakini pia usipunguze thamani ili ulipe ada ndogo. Tuseme nyumba yako itagharimu shilingi milioni 40 kuijenga, nawe umeandikisha milioni 20. Moto ukala sehemu ya milioni 10. Utafikiri utalipwa milioni 10, maana hazijafika hata 20. La. Mikataba mingi ina kanuni ya uwiano: uliandikisha nusu, utalipwa nusu, yaani milioni 5, na humo huenda kikakatwa kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unataka ukibebe mwenyewe.

Kama nyumba imewekwa rehani benki, usidhani bima iliyokatwa kwa ajili ya mkopo imekumaliza. Omba uione hati, usome nani atalipwa kwanza na vyombo vyako vimo au havimo. Wakala akikujia, hakikisha yeye na kampuni yake wana leseni ya TIRA. Tunza risiti na picha za mali yako mahali pengine, nje ya nyumba hiyo. Na madai yakikwama, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa kwa sheria ya mwaka 2009.

Sisemi kila mtu akimbilie bima. Mwenye nyumba ya udongo hatapata kampuni kwa urahisi, na akiipata huenda ada ikamshinda. Huyo bado anahitaji nzengo yake, iwe kwa sura ya kikundi cha mtaa au VICOBA, na anahitaji zaidi msingi imara na ukuta usiolowa. Lakini aliyekwisha kutoka katika nyumba ya nyasi akaingia katika ya bati na saruji, aelewe kwamba majirani watakuja kumlilia, watamletea unga na blanketi, kisha watarudi kwao. Bati hawataleta. Kama hakuna mkataba uliotaja janga lake kwa jina, atajenga ukuta huo peke yake.

Hadi wiki ijayo, ndugu msomaji, kwa heri.