Nasaba ya Safari ya Pomboo

Nyuma ya majumba ya vioo ya Bunge la Ulaya, mjini Brussels, iko bustani iliyopewa jina la mfalme Leopold, na ukingoni mwake limesimama jumba la makumbusho ya maumbile ambalo watu wa mji hulijua zaidi kwa mijusi wake wakubwa wa kale, wale waliogunduliwa mwaka 1878 katika mgodi wa makaa wa Bernissart, zaidi ya mita mia tatu chini ya ardhi. Lakini mimi, niliyezaliwa Unguja na kuletwa huku na riziki, sikuvutwa na mijusi hao kama nilivyovutwa na mifupa ya wanyama walio karibu na moyo wangu, yaani nyangumi na jamaa yake pomboo. Na katika hazina ya jumba hilo wamo pomboo wa zama za Miosini, waliotoweka duniani mamilioni ya miaka kabla mwanadamu wa kwanza hajatia dau majini, ambao taya lao la juu limechongoka na kurefuka kulipita la chini kwa kadiri kubwa, mfano wa nduaro, hata mvuvi wa kwetu akionyeshwa fuvu lile angesita kidogo kabla ya kulitaja jina lake.

Nayasema haya kwa sababu kila baridi inapoanza kuuma, ofisi za safari za mji huu hubandika madirishani picha za Zanzibar, na miongoni mwa yale yanayoahidiwa aghalabu imo safari ya nusu siku ya kwenda kwa boti kutazama pomboo Kizimkazi. Na wenzangu wa kazini, wakijua nitokako, huja kuniuliza kama ni kweli wanaonekana, na kama inafaa kwenda. Jibu la swali la kwanza ni jepesi. La pili limenilazimu kuitafuta nasaba ya desturi yenyewe, kwani kumlipa mtu nauli ili akupeleke baharini umtazame mnyama, usimvue wala usimle, ni jambo geni huku na huko, na kila mahali limezaliwa na kazi nyingine iliyokuwa na makusudio mengine kabisa.

Brussels si mji wa bahari. Pwani ya Ubelgiji, ambayo urefu wake wote haufiki kilomita 70, i mbali nao kwa kilomita mia na zaidi, na kwa karne nyingi bahari iliwafikia watu wa Brussels kwa njia ya maji matamu, hasa kwa mfereji wa Willebroek uliofunguliwa mwaka 1561, ambao vyombo vyake vilipanda hadi magati yaliyokuwa karibu na kanisa la Mtakatifu Katarina. Magati hayo yalifukiwa moja baada ya jingine, na leo mfereji haufiki tena pale. Yamebaki majina ya mitaa, Gati la Matofali na Gati la Kuni, na mikahawa ya samaki ambayo wageni huketi bila kujua kwamba chini ya viti vyao zilitia nanga jahazi. Katika zama za kale za Flanders yule pomboo mdogo wa Bahari ya Kaskazini, ambaye Waflemi humwita bruinvis, alikuwa kitoweo. Na kwa kuwa alihesabiwa miongoni mwa samaki, nyama yake iliruhusiwa hata siku za Kwaresima. Huo ndio uhusiano wa kwanza, nao ni ule ule wa kwetu: mnyama alijulikana kwa sufuria.

Mtu wa bara aliyetaka kumwona mnyama mkubwa wa bahari kwa kumwona tu, ilimpasa angoje afe. Mwezi wa Novemba 1827 wavuvi walimkuta nyangumi wa buluu akielea maiti, wakamkokota hadi Ostend, akauzwa, akachunwa, na mifupa yake ikaangukia mikononi mwa Herman Kessels, ambaye aliijengea banda na kuizungusha katika miji mikubwa, Paris na London ikiwamo, watu wakilipa kiingilio, hata mwisho wake ikafika Urusi, na ingali katika makumbusho ya Saint Petersburg. Kessels huyo huyo alipigana kwa mizinga katika mapinduzi ya 1830, yaliyoitoa Ubelgiji katika ufalme wa Uholanzi. Naye ndiye, kwa jinsi nionavyo, babu wa kila mwenye boti anayesimama ufukweni kuwaita wageni, kwa kuwa alitambua kwamba mtu aliye mbali na bahari yu tayari kufungua kibindo kwa ajili ya kutazama.

Kisha ikaja reli. Mwaka 1835 gari la moshi lilitoka Brussels kwenda Mechelen, la kwanza la abiria katika bara zima la Ulaya kuvutwa kwa mvuke, na mwaka 1838 njia ilifika Ostend. Na ilipopitishwa sheria ya 1936 iliyompa mfanyakazi likizo yenye mshahara, bahari ilikoma kuwa starehe ya matajiri peke yao. Watu walikwenda kwa maelfu, wakaogelea, wakala kamba. Pomboo hakuwa katika hesabu ya safari hiyo.

Ilimu yao juu ya pomboo ilitoka kwingine, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ni kisa cha ajabu. Mwaka 1859 dola ya Ubelgiji iliazimia kuizungushia Antwerp ngome mpya, ili mji huo uwe kimbilio la mfalme na jeshi lake siku ya shari, na katika miaka iliyofuata vibarua wasiohesabika walichimba mahandaki kuuzunguka mji. Mchanga waliouchimba, wenye kijani kilichokoza hata kukaribia weusi, ulikuwa zamani kitanda cha bahari. Na kila sepetu ilipozama iligonga mfupa: mbavu, pingili za mgongo, mafuvu yaliyovunjika, ya nyangumi na pomboo wa kale, kwa wingi ambao hakuna aliyeutarajia. Mkuu wa makumbusho ya Brussels wakati huo alikuwa Bernard du Bus, ambaye mwaka 1867 alimwelezea yule pomboo wa taya refu na kumpa jina la Eurhinodelphis cocheteuxi, akimtukuza Cocheteux, afisa wa jeshi. Basi mpaka leo mnyama asiyejua vita amebeba jina la mwanajeshi. Baada yake Pierre-Joseph Van Beneden, mwanachuoni wa Leuven ambaye tangu 1843 alikuwa na nyumba ya uchunguzi wa viumbe vya bahari huko Ostend, mojawapo ya za mwanzo duniani, aliandika kuanzia 1877 majuzuu makubwa juu ya mifupa ya Antwerp, yaliyotolewa na makumbusho. Na mwanzoni mwa karne ya ishirini Othenio Abel, Muaustria, akawarudia pomboo wa taya refu na kuwachambua mfupa kwa mfupa.

Hakuna hata mmoja katika wale vibarua aliyeajiriwa ili atafute pomboo. Walichimba kwa ajili ya mizinga. Lakini lau si mahandaki yale, Brussels isingekuwa na hazina hiyo, ambayo wataalamu wa mbali wangali wakiijia.

Ya baadaye nitayapita upesi. Palikuja zama za kuwafuga pomboo katika mabirika, Antwerp tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 na kisha Brugge, watoto wakiwapigia makofi. Nami sioni la kusifu katika kumfungia ndani ya kuta nne kiumbe ambaye maisha yake yote ni mwendo. La kufurahisha zaidi ni kwamba bruinvis, aliyekuwa amekaribia kutoonekana tena katika maji ya Ubelgiji kwa miongo kadhaa, alianza kurejea karibu na mwisho wa karne. Sheria ya mwaka 2001 ikamlinda, na wataalamu wa taasisi ile ile yenye makumbusho ya Brussels huruka kwa ndege ndogo juu ya bahari kuwahesabu.

Ama uhusiano wa Brussels na Zanzibar, ulianza kwa mambo mazito kuliko matembezi. Mwaka 1876 mfalme Leopold wa Pili aliwakusanya mabwana wa jiografia katika kasri lake, na misafara iliyotokana na mkutano ule ilipitia Unguja kutafuta wapagazi na vitambaa kabla ya kuvuka kwenda bara. Na mkataba uliotiwa saini Brussels mwaka 1890 dhidi ya biashara ya watumwa uliweka Unguja ofisi ya kimataifa ya kukusanya habari za vyombo vilivyoshukiwa. Kwa mabwana hao kisiwa chetu kilikuwa kizingiti cha mlango, na mtu hakitazami kizingiti; hukikanyaga akapita. Kizimkazi, iliyo kusini kabisa mwa kisiwa, haikuwa hata katika njia yao.

Nayo ilikuwako zamani sana. Msikiti wa Dimbani, ambao kibla chake kimechongwa kwa mawe ya matumbawe na kuandikwa kwa hati ya Kufi, una tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107 wa Miladi, maandishi ya kale kuliko karibu yote yaliyosalia katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Watu waliosali humo na watoto wao waliishi kwa bahari, na pomboo alikuwa sehemu ya maisha hayo kwa namna ambayo mgeni wa leo hapendi kuisikia. Walimwinda kwa chusa na kwa jarife. Nyama yake ililiwa, lakini zaidi ilikatwa kuwa chambo cha papa, kwa kuwa papa alikuwa na bei. Na mafuta yake yalichemshwa pamoja na maini ya papa kuwa sifa, ile inayopakwa mbao za chombo zisipenye maji wala zisitobolewe na wadudu. Hapakuwa na ukatili katika hayo, wala upole. Palikuwa na maarifa. Mwindaji alijua pomboo hupumzika wapi asubuhi, hupita wapi maji yakijaa, mama mwenye mtoto huongoza upande gani, na maarifa hayo hayakuandikwa popote.

Karibu na 1992 wageni wa mwanzo walianza kufika wakitaka kupelekwa wakatazame, na wavuvi wakatambua kwamba pomboo mmoja aliye hai aweza kulipa kila siku, ilhali aliyeuawa hulipa mara moja. Kufikia 1996 uwindaji ulikuwa umekwisha, na mwaka 1997 serikali ikaitangaza Ghuba ya Menai kuwa eneo la hifadhi, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 470. Hapakuletwa mabaharia wapya. Wenye chusa ndio waliogeuka manahodha, na ilimu ya kuua, bila kubadilika hata herufi moja, ikawa ilimu ya kuonyesha.

Lakini sitaficha kwamba jambo hili nalo limezaa maradhi yake. Pomboo wa huko ni wa namna mbili, wenye pua ya chupa na wenye nundu, na wote pamoja wataalamu waliwakadiria kuwa mamia machache tu. Baadhi hunaswa na kufa katika nyavu za kuelea ambazo hazikuwalenga wao, na waliosalia hufukuzwa na boti. Siku za wageni wengi utaona boti zikikimbilia pezi moja kutoka pande zote, mashine zikinguruma, watu wakirukia majini mbele ya mnyama aliyekuwa akipumzika. Na uchunguzi umeonyesha kwamba pomboo wanaoandamwa hivyo hupumzika kidogo na kusafiri zaidi. Nusu siku yao ya usingizi ndiyo nusu siku tunayoinunua. Basi huwaambia wenzangu: inafaa, kwa sharti la nahodha anayezima mashine.

Mmoja wao alikuja nami katika msimu wa kaskazi, tukatoka Kizimkazi Mkunguni kabla jua halijapanda, bahari ikiwa shwari kama mafuta. Nahodha wetu alikuwa mzee aliyewinda ujanani mwake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha hakusema neno kwa muda mrefu; boti nyingine zikatupita mbio, naye akashika upande wake, akitazama membe na rangi ya maji. Ghafla akazima mashine. Tukakaa kimya, tukasikia kwanza, kabla ya kuona lolote, pumzi: pfuu, kama mtu mzima aliyetua mzigo; ikafuata ya pili, nyembamba, na hapo migongo miwili ya kijivu ikainuka na kuzama ubavuni mwetu, mkubwa na mdogo, bila haraka. Mwenzangu alikuwa na miwani ya kuzamia mkononi. Mzee akamwashiria kwa kiganja abaki alipo, naye akabaki.

Tulirejea saa nne, kwa sababu maji yalikuwa yakipwa na mzee hakutaka chombo kikwame mbali na nchi. Ufukweni vijana walikuwa wamepindua ngalawa na kuipaka kwa kitambaa, na harufu kali ikatujia. Mwenzangu akaniuliza ni kitu gani kinachonuka hivyo, nami nikamwuliza mzee, ingawa nilikuwa nikijua.

“Sifa, mwanangu,” akasema. “Ya papa peke yake. Zamani tukichanganya.”

Akalitwaa kopo, akakitia kitambaa ndani yake, akainama kuwaonyesha vijana mahali walipoparuka.