Katuni za roboti za Kijapani katika runinga ya Kiingereza

Katuni za roboti za Kijapani ziliingia katika runinga ya Kiingereza mwaka 1963, pale Tetsuwan Atom ya Osamu Tezuka ilipotiwa sauti mpya Marekani chini ya Fred Ladd na kuitwa Astro Boy. Kati ya vipindi 193 vya Japani, 104 tu ndivyo vilivyogeuzwa. Kazi hii imezoeleka kuitwa tafsiri, ilhali ilikuwa utungaji upya, na soko ndilo lililoshika usukani. Tazama Tetsujin 28-go ya Mitsuteru Yokoyama. Roboti lake ni silaha iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi la Japani katika Vita vya Pili vya Dunia. Lilipotokea Marekani mwaka 1966 kwa jina la Gigantor, vita hivyo vilifutwa, hadithi ikasogezwa hadi mwaka 2000, na Shotaro Kaneda, mvulana anayeliongoza kwa rimoti, akawa Jimmy Sparks. Kwa kuwa midomo ilikwisha kuchorwa, mwandishi alipima kila sentensi ili iishe mdomo unapofumba.

Watetezi wa utungaji huo husema mtoto asingeielewa hadithi ya kigeni bila kurahisishiwa. Robotech ya mwaka 1985 inapinga hoja hiyo. Carl Macek wa kampuni ya Harmony Gold aliunganisha tamthilia tatu zisizohusiana kuwa moja yenye vipindi 85, kwa sababu mojawapo, Macross, ilikuwa na 36 tu, ilhali vituo vilivyorusha katuni kila siku ya kazi vilihitaji 65. Hiyo ni hesabu ya ratiba, si ya uelewa wa mtoto. Humohumo kifo cha rubani Roy kiliachwa kama kilivyo, na watoto walikistahimili.

Yupo atakayesema kwamba zama zile hazikuwa na njia ya kuhifadhi sauti asilia. Johannesburg ina jibu. SABC, shirika la utangazaji la Afrika Kusini, ilizindua runinga tarehe 5 Januari 1976, ikavitia vipindi vingi vya kigeni sauti ya Kiafrikana, ikiwemo katuni ya Kijapani ya Heidi. Kuanzia mwaka 1986, Radio 2000 ilirusha sauti asilia ya baadhi ya vipindi sambamba na picha: mtazamaji alizima sauti ya runinga, akafungulia redio. Ni kweli, mpango huo ulizaliwa ndani ya siasa ya lugha ya utawala wa kibaguzi, na sauti iliyookolewa aghalabu ilikuwa Kiingereza, si Kijapani. Hata hivyo unathibitisha kwamba sauti mpya haikulazimika kuizika ile ya awali.

Kwa hiyo Astro Boy, Gigantor na Robotech zihesabiwe kuwa kazi za Kimarekani zilizojengwa juu ya michoro ya Kijapani, na majina ya Tezuka na Yokoyama yatajwe kwanza.