Ghuba Ndani ya Ghala

John Reber hakuwa injinia. Alikuwa mtu wa maigizo, mwandaaji wa maonyesho ya jukwaani huko California. Lakini miaka ya 1940 jamaa alizunguka akiuza wazo moja kubwa: kuziba Ghuba ya San Francisco kwa kuta mbili za mawe na udongo, ili maji ya mito yasipotelee baharini, yageuke maziwa ya maji matamu. Na wanasiasa wakamsikiliza.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo stori ya mtu asiye na digrii anayebishana na wataalamu hunivuta haraka. Ila hapa kilichonishika ni jinsi alivyojibiwa.

Wahandisi wa Jeshi la Marekani waliijenga ghuba yote upya ndani ya ghala huko Sausalito, wakamaliza 1957. Kila mita 1,000 za ghuba zikawa mita 1 ya zege. Kina wakakipunguza mara 100 tu, la sivyo maji yangekuwa utando sakafuni. Sasa, kina kikitiwa chumvi hivyo, maji huteleza kupita kiasi. Ndiyo maana walisimika vipande vya shaba kama 250,000 vya kuyakwaza. Pampu zikawashwa, maji yakajaa na kupwa, siku nzima ikipita kwa dakika 15 hivi.

Walipoweka kuta za Reber, mpango ukafeli.

Modeli ikabaki na kazi nyingine: ukichimba njia ya meli iwe na kina zaidi, chumvi itafika wapi? Maji ya bahari ni mazito, hutambaa chini ya maji matamu, na mfereji wenye kina huyafungulia barabara. Juu ya ghuba hiyo kuna delta ya mito Sacramento na San Joaquin, ambako mashamba na miji huchota maji. Ukikosea kule, chumvi inafika kwenye mabomba ya watu. Ukikosea ghalani, unamwaga maji na kuanza upya.

Kompyuta zikachukua kazi hiyo, na mwaka 2000 modeli ikaacha utafiti. Siku hizi inapokea wageni.

Reber alikosea, sawa. Lakini waliyempelekea karatasi yake asahihishe ni maji, na maji hayaulizi mtu alisomea wapi.