Kisanduku Kidogo na Krosova Yake

Wazee wetu walisema: Kipya kinyemi ingawa kidonda. Maneno hayo yawafaa sana wale wazifunguao spika za zamani, zile ndogo za kuwekwa rafuni, wakang'oa krosova zake na kutia nyingine mpya. Leo twataka kueleza habari za spika moja ya Uingereza ambayo krosova yake ilibadilishwa mara mbili, tena na wale wale walioibuni. Tukiijua sababu yao, tutajua lipi lifaalo kubadilishwa na lipi lifaalo kuachwa.

Kwanza yafaa tufahamu krosova ni kitu gani. Katika spika ya namna hii mna vinywa viwili. Kikubwa, kiitwacho wufa, hutoa sauti nzito kama ya ngoma. Kidogo, kiitwacho twita, hutoa sauti nyembamba kama ya njuga. Umeme utokao katika mashine ya muziki huja umechanganyika, nao wahitaji kugawanywa. Kazi hiyo ndiyo ya krosova. Ndani yake mna kapasita, ambayo huzuia umeme wa sauti nzito na kupitisha ule wa sauti nyembamba; mna na koili, yaani waya ulioviringwa, ambayo hufanya kinyume chake; tena mna resista, ambayo hupunguza nguvu palipozidi. Basi krosova ni kama bawabu anayemwonyesha kila mgeni mlango wake.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe. Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, ambalo mwaka 1957 lilianza kutangaza kwa Kiswahili, lilikuwa na idara yake ya utafiti. Wataalamu wa idara hiyo walikuwa wakipima mwenendo wa sauti katika studio kwa kutumia mifano midogo, iliyopunguzwa mara 8, na kwa kazi hiyo walihitaji spika ndogo mno. Walipoisikiliza, waliiona ni safi kuliko walivyotazamia. Wakati huo huo shirika lilikuwa na shida nyingine: ndani ya magari ya kutangazia televisheni nje ya studio nafasi ilikuwa finyu, na spika kubwa hazikuweza kuingia. Ndipo ilipozaliwa spika iliyoitwa LS3/5. Sanduku lake lilikuwa na kimo cha sentimita 30, upana wa 19, na kina cha 16 hivi. Vinywa vyake vyote viwili vilitoka kwa kampuni ya KEF, iliyoanzishwa mwaka 1961 na Raymond Cooke, mtu aliyewahi kufanya kazi BBC.

Lakini kabla spika hiyo haijatengenezwa kwa wingi, vinywa vile vilibadilika kidogo huko kiwandani. Wataalamu hawakusema, "Si neno, vyafanana." Walipima upya, wakaitengeneza krosova upya, na spika ikapewa jina la LS3/5A. Harwood, Whatton na Mills waliandika taarifa yake mwaka 1976. Mpaka wa sauti nzito na nyembamba uliwekwa penye mitetemo kama 3000 kwa sekunde. Katika krosova ile mlikuwa na koili yenye matawi kadhaa; fundi alichagua tawi moja ili nguvu ya twita ilingane na ya wufa iliyomo katika sanduku lile lile. Kwa hiyo mtu akihamisha kinywa kutoka sanduku moja mpaka jingine, huvunja mapatano yaliyokwisha kufanywa.

Miaka ikapita. Viwanda kadhaa vilipewa ruhusa ya kuitengeneza spika hiyo, lakini tabia ya vinywa ikaanza tena kuondoka katika kipimo. Kati ya mwaka 1987 na 1988 vinywa vilirekebishwa, na krosova ikabuniwa kwa mara nyingine. Spika za kwanza zilihesabiwa kuwa za omu 15. Hizi mpya zikawa za omu 11. Angalieni jambo hili: krosova ya omu 11 si bora kwa spika ya omu 15 kwa sababu tu ni mpya. Kila moja ilishonwa kwa mwili wake, na kanzu ya ndugu yako, hata ikiwa nzuri namna gani, yaweza kukubana mabega.

Sisi wenyewe tulijifunza neno hili kwa kukosea. Chuoni petu palikuwa na spika mbili za zamani, si za aina hii, na sauti yake ilikuwa imefifia. Tulipozifungua tuliona kapasita za namna ile yenye unyevu ndani yake, ambao kwa miaka mingi hukauka. Tukatia kapasita mpya za plastiki zenye kipimo kile kile kilichoandikwa. Sauti ikafunguka kweli, lakini herufi "s" ya kila msomaji wa habari ikawa inatuchoma masikio. Kumbe kapasita za zamani, hata zilipokuwa mpya, zilikuwa na ukinzani kidogo wa kwao, na mbunifu aliutia katika hesabu yake. Tulipoongeza resista ndogo, isiyofika omu moja, sauti ikatulia, na wanafunzi wakaweza kusikiliza saa nzima bila kuchoka.

Basi ukiwa na spika ya zamani, anza kwa kupima. Kilichooza kibadilishe kwa kipimo chake. Kilicho kizima kiache. Badilisha spika moja kwanza, uilinganishe na mwenziwe. Andika kila waya ulikotoka, na vitu ulivyovitoa vitie katika bahasha usivitupe, maana huenda ukavihitaji. Wale wa BBC hawakubadilisha krosova kwa kutamani kitu cha thamani zaidi. Waliibadilisha kwa kuwa vinywa vilikuwa vimebadilika, nao walitaka sauti ya mtu isikike kama alivyoitoa.