Wakala wa akili unde na usakaji wa faili: Mwongozo wa chombo useme nini

KATIKA afisi nyingi zenye tarakilishi zaidi ya moja, kuna folda za pamoja ambazo wafanyakazi huzifungua kupitia mtandao wa ndani. Humo huwekwa barua, orodha za mishahara, picha za hafla na nakala za vitambulisho vya wateja, na mara nyingi hakuna anayekumbuka ni nani aliyeziweka.

Chombo cha kusaka faili ni programu inayopita katika folda hizo, kuorodhesha yaliyomo na kumwonyesha mtumiaji mahali ilipo faili anayoitaka. Kazi hiyo si ngeni. Mnamo 1990, Alan Emtage, mwanafunzi kutoka Barbados katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Kanada, alibuni Archie, programu iliyokusanya majina ya faili zilizokuwa wazi kwa umma katika seva mbalimbali na kuyaweka pamoja ili yatafutwe. Archie ilijua majina tu, wala haikujua kilichoandikwa ndani. Hata hivyo, huhesabiwa kuwa mtambo wa kwanza wa utafutaji katika intaneti.

Kilichobadilika sasa ni anayetafuta. Wakala wa akili unde ni programu inayopewa lengo kwa lugha ya kawaida, kisha ikajipangia hatua na kuita programu nyingine ziisaidie. Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitangaza itifaki ya Model Context Protocol, yaani MCP, inayoweka utaratibu mmoja wa kuunganisha akili unde na vyombo vya nje. Kila chombo hujitambulisha kwa jina, maelezo na aina ya taarifa kinazohitaji. Maelezo hayo ndiyo wakala huyasoma ili kuamua kama atakitumia chombo, na kwa namna gani.

Hapo ndipo kazi ya mwandishi wa mwongozo inapokuwa nzito. Karani akiambiwa atafute faili zote, anajua bila kuambiwa kwamba za mhasibu hazimhusu. Wakala huenda akayachukua maneno hayo yalivyo. Kwa sababu hiyo, mwongozo unapaswa kutaja seva zinazoruhusiwa kusakwa, na kueleza bayana iwapo chombo kinasoma tu au kinaweza pia kufuta na kuhamisha.

Jambo linalosahaulika upesi ni maana ya jibu tupu. Itifaki ya SMB, ambayo Windows huitumia kugawana faili kupitia mlango nambari 445, ina jibu moja kwa faili isiyokuwepo na jibu jingine kwa ile iliyokatazwa. Chombo kikiyafunika yote mawili kwa orodha tupu, wakala ataripoti kwamba faili haipo.

Tuseme meneja anataka mkataba wa kukodisha jengo. Mkataba uko katika folda ya mawakili wa kampuni, ambayo akaunti ya wakala haina idhini ya kuifungua. Wakala aliyeelekezwa vyema atasema kuwa kuna folda moja aliyozuiwa kuingia. Asiyeelekezwa atasema mkataba haupo, na huenda meneja akaandikisha mwingine wenye masharti tofauti. Hali ni hiyo hiyo seva inapokuwa imezimwa, au chombo kinaporudisha majina 100 ya kwanza kati ya 4,000 bila kusema kwamba kimekata orodha.

Kasi nayo ni lazima itajwe. Mei 2017, programu haribifu ya WannaCry ilienea duniani kwa kutafuta yenyewe tarakilishi zenye dosari ya SMB kupitia mlango huo wa 445. Tangu hapo, mlinzi wa mtandao anayeona tarakilishi moja ikibisha kila mahali kwa dakika chache ana sababu ya kushtuka na kuikata.

Hatari nyingine imo ndani ya faili zenyewe. Hati inaweza kubeba sentensi inayomwamuru msomaji apuuze maagizo ya awali na kutuma faili nje. Mtu ataicheka, wakala anaweza kuitii. Wataalamu wa usalama wameonya kuhusu hila hiyo tangu 2022. Mwongozo humwambia wakala kwamba maneno anayoyakuta ndani ya faili ni habari tu, si maagizo. Lakini onyo la maandishi si kufuli. Kinga ya kutegemewa zaidi ni akaunti yenye idhini chache, nayo hupangwa katika seva. Neno la siri la akaunti hiyo halipaswi kabisa kuandikwa katika mwongozo, ingawa wapo wanaoliweka humo kama mfano wakalisahau.

Nchini Kenya, suala hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni inaharamisha kuingia katika mfumo wa tarakilishi bila idhini, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data binafsi itumiwe kwa lengo iliyokusanyiwa. Nakala ya kitambulisho iliyochukuliwa ili kufungua akaunti haikuchukuliwa ili isomwe na wakala anayetafuta mkataba wa jengo. Ndiyo maana mwongozo makini humtaka wakala aorodheshe majina kwanza, aombe ruhusa ya mtu kabla ya kufungua faili yoyote, na aache kumbukumbu ya kila aliyoifungua.